Ngumi Hazina Saa: Namna ya Kulinganisha Mabondia wa Zama Tofauti

Mwaka 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 akavunja rekodi ya dunia. Mwaka 1998, mjini Roma, Hicham El Guerrouj wa Morocco alikimbia umbali huohuo kwa dakika 3 na sekunde 26. Mtu akikuuliza nani kati yao alikuwa na kasi zaidi, jibu liko kwenye saa. Unaweza kubishana kuhusu viatu, kiwanja na mazoezi, lakini saa haina undugu na mtu.

Ngumi hazina saa. Ndiyo maana ubishi wa nani zaidi kati ya Ali na Tyson, au kati ya Sugar Ray Robinson na Floyd Mayweather, hauishi pale kantini hata umeme ukikatika. Mmoja anapiga meza, mwingine anafungua simu kuonyesha kipande cha video cha sekunde 40, wa tatu anasema "wa zamani walikuwa wanaume", basi, mjadala umefungwa. Sina nia ya kuwanyima watu ubishi wao. Ninachotaka ni tubishane kama watu waliofika chuo kikuu, yaani tujue hoja ipi inabeba uzito na ipi ni kelele.

Tuanze na kisa kimoja cha kweli, kwa sababu kinaonyesha tatizo lote kwa mkupuo. Mwaka 1967 mtayarishaji wa vipindi vya redio wa Miami, Murray Woroner, aliingiza taarifa za mabingwa wa uzito wa juu wa zama mbalimbali kwenye kompyuta ya NCR 315, akatangaza redioni mashindano ya kubuni kati yao. Muhammad Ali, ambaye mwaka huohuo alinyang'anywa ubingwa kwa kukataa kwenda jeshini, akasikia kwamba "amepigwa" na James Jeffries, bingwa wa mwanzoni mwa karne. Ali akafungua kesi akidai dola milioni 1. Mwisho wake alikubali dola 10,000 na kushiriki mchezo mwingine wa aina hiyo, safari hii mbele ya kamera. Mwaka 1969 yeye na Rocky Marciano, aliyekuwa amestaafu kwa zaidi ya miaka 10 na sasa kavaa nywele za bandia, waliigiza raundi nyingi na miisho kadhaa tofauti. Filamu ilipotoka Januari 1970, watazamaji wa Marekani walimwona Marciano akishinda kwa KO raundi ya 13. Kuna nakala nyingine iliyoonyeshwa Ulaya, na humo Ali ndiye aliyeshinda. Marciano hakuwahi kuona mwisho wowote. Alikufa kwenye ajali ya ndege Agosti 31, 1969.

Kompyuta moja, mabondia walewale, majibu mawili kutegemea bara unaloishi! Wenzetu wa sayansi ya kompyuta wanalijua hili tangu mwaka wa kwanza: mashine inakurudishia kile ulichoiwekea. Aliyekaa na kuamua kwamba ngumi ya Jeffries ina alama kadhaa na miguu ya Ali ina alama kadhaa ndiye aliyechagua mshindi, kabla mashine haijawashwa. Na sisi tunafanya vilevile kichwani. Tukisema "Tyson wa 1988 angempiga Ali wa 1967", tumeshaweka alama zetu kimyakimya, halafu tunashangaa mwenzetu kupata jibu lingine.

Mnyororo unaokatika

Wengine hutumia mnyororo: A kampiga B, B kampiga C, kwa hiyo A ni zaidi ya C. Kwenye namba ni sawa. Kwenye ulingo, hebu tuone. Machi 1971 Joe Frazier alimshinda Ali kwa pointi. Januari 1973, mjini Kingston, George Foreman alimwangusha Frazier mara 6 ndani ya raundi 2. Machi 1973 Ken Norton alimvunja Ali taya akamshinda. Machi 1974, mjini Caracas, Foreman huyohuyo akammaliza Norton raundi ya 2. Sasa fanya hesabu: watu wawili waliompiga Ali, wote wamesagwa na Foreman kwa dakika chache. Oktoba 30, 1974, Kinshasa, mnyororo ukakatika mbele ya dunia nzima. Ali akamwangusha Foreman raundi ya 8.

Sababu ni mitindo. Frazier alikuwa mtu wa kusonga mbele kwa kuinama, na kwa bondia mwenye makonde ya kunyanyua kutoka chini kama Foreman, huyo ni mgeni anayejileta mwenyewe jikoni. Ali aliegemea kamba, akaziba uso, akamwacha jamaa apige mpaka mikono ikawa mizito, huku akimjibu kwa ngumi za moja kwa moja usoni. Foreman hakuwa amepoteza nguvu zake kati ya Machi na Oktoba. Alikutana na swali ambalo Frazier na Norton hawakumuuliza. Kama mnyororo unakatika ndani ya miaka 3, kati ya watu waliopigana ana kwa ana, je, utauamini ukivuka miaka 60?

Foreman, hata hivyo, anatupa kitu kingine chenye thamani zaidi: daraja. Wapo mabondia waliodumu hadi kukutana na kizazi kingine, na mapambano yao ndiyo ushahidi pekee halisi tulionao wa zama mbili kugusana. Kwa kawaida daraja hilo limepinda, kwa sababu mkubwa huwa amechoka. Joe Louis alipopigwa na Marciano mwaka 1951 alikuwa na miaka 37, na Ali aliyepigwa na Larry Holmes Oktoba 1980 hakuwa tena Ali. Ushindi wa kijana dhidi ya mzee hautuambii kitu kikubwa. Lakini mzee akishinda, hapo kaa uangalie. Novemba 1994 Foreman, akiwa na miaka 45, alimwangusha Michael Moorer raundi ya 10 na kutwaa ubingwa wa uzito wa juu, miaka 20 baada ya kuupoteza Kinshasa. Tuwe wakweli, alikuwa nyuma kwa pointi usiku ule wote. Hata hivyo, anayedai kwamba mabondia wa miaka ya 1970 wasingeweza kusimama na wa miaka ya 1990 ana kazi ya kuueleza ule mkono wa kulia.

Rekodi inasema nini, na inaficha nini

Sasa twende kwa Robinson na Mayweather, kwa sababu hapo ndipo namba zinapodanganya watu wengi. Mayweather: mapambano 50, ushindi 50. Robinson: ushindi zaidi ya 170, vipigo 19. Kijana anayesoma namba hizo kwenye simu anaona jambo limeisha, 0 ni bora kuliko 19. Kwani kuna hesabu rahisi zaidi ya hiyo?

Fungua hiyo 19 uone kilichomo. Robinson aliingia kwenye ngumi za kulipwa Oktoba 1940. Hadi alipoenda London Julai 1951 kupigana na Randolph Turpin, alikuwa amepanda ulingoni zaidi ya mara 120 na kupoteza mara moja tu, kwa Jake LaMotta, Februari 5, 1943. Vipigo vingine 18 vilikuja kuanzia usiku ule wa London, akiwa ametimiza miaka 30, na viliendelea hadi 1965 alipokuwa mzee wa miaka 44 anayepigana kwa sababu fedha zimekwisha. Kimoja cha vipigo hivyo kilitoka kwa jua kuliko kwa mpinzani. Juni 1952, kwenye uwanja wa Yankee, New York, alikuwa anamwongoza Joey Maxim, bingwa wa uzito uliomzidi, katika joto la kiasi cha nyuzi 40. Mwamuzi mwenyewe alizidiwa ikabidi abadilishwe. Robinson alishindwa kutoka kwenye kona yake raundi ya 14. Katika maisha yake yote hilo ndilo pambano pekee alilopoteza kabla ya raundi kwisha.

Angalia pia ule Februari 1943. Tarehe 5 anapigwa na LaMotta, ambaye alikuwa mtu wa uzito wa kati na alimzidi kilo kadhaa. Tarehe 19 anapigana na Jackie Wilson. Tarehe 26 anarudiana na LaMotta na kumshinda. Mapambano 3 ndani ya wiki 3, mawili kati yake na mmoja wa watu wagumu kuliko wote duniani. Bondia mkubwa wa leo hupanda ulingoni mara 1 au 2 kwa mwaka, baada ya miezi ya kambi, akiwa na mtaalamu wa lishe na video za mpinzani. Si kosa lake, ndivyo biashara ilivyo sasa. Fedha zinatoka kwenye televisheni, na "0" kwenye rekodi ni bidhaa inayouzwa, kwa hiyo inalindwa kama yai. Zama za Robinson bondia aliishi kwa malipo ya mlangoni, asipopigana, hali. Kwa hiyo 50 kwa 0 na 174 kwa 19 ni namba za biashara mbili tofauti. Ukiziweka kwenye jedwali moja ni sawa na kulinganisha mshahara wa shilingi za 1970 na wa leo bila kuangalia bei ya sukari.

Jambo jingine ni mikanda. Robinson alipoanza, ngumi zilikuwa na ngazi 8 za uzito, na kwa kawaida kila ngazi ilikuwa na bingwa mmoja anayetambuliwa. Mwaka 1938 Henry Armstrong alishikilia ubingwa wa ngazi 3 kati ya hizo 8 kwa wakati mmoja. Leo ngazi ni 17, na vyama vikubwa vinavyotoa mikanda ni 4: WBA, WBC, IBF na WBO. Zidisha upate 68, na hapo hatujahesabu mikanda ya "muda" na ya "super". Mayweather ana ubingwa wa ngazi 5, na hilo si mchezo, lakini baadhi ya ngazi hizo zimepishana kwa kilo 3 tu. Mtu akikuhesabia mikanda, mwulize kwanza ilikuwa mingapi sokoni.

Ila haki itendeke pande zote, maana wazee nao wana ujanja wao. Wanapenda kusema bingwa mmoja kwa kila ngazi maana yake alikuwa bora kuliko wote duniani. Hapana. Sam Langford, ambaye wengi wanamweka kati ya mabondia wakali kuliko wote waliowahi kuishi, hakupewa hata mara moja nafasi ya kugombea ubingwa wa dunia wa uzito wa juu, kwa sababu ya rangi yake. Hata Jack Johnson, Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa uzito wa juu mwaka 1908, hakumpa nafasi akiwa na mkanda. Harry Wills alimsubiri Jack Dempsey miaka na pambano halikufanyika. Charley Burley hakuwahi kugombea ubingwa, na Robinson naye hakuwahi kupigana naye. Halafu zile "zama za dhahabu" za miaka ya 1970: Teófilo Stevenson wa Cuba alichukua dhahabu ya Olimpiki mara 3 mfululizo, 1972, 1976 na 1980, bila kupigana hata pambano moja la kulipwa, kwa kuwa nchi yake ilipiga marufuku. Mabondia wa Urusi ya Kisovieti nao walikuwa nje ya hesabu. Milango ilipofunguliwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo tukaja kuwaona kina Klitschko, Golovkin, Lomachenko, na Oleksandr Usyk aliyekusanya mikanda yote ya uzito wa juu Mei 2024. Kwa hiyo bingwa wa 1974 alikuwa bora kati ya walioruhusiwa kuingia. Idadi ya watu waliokuwa nyuma ya mlango ni sehemu ya hesabu.

Mizani nayo imebadilika. Zamani bondia alipimwa siku ya pambano na kupanda ulingoni usiku huohuo. Kuanzia miaka ya 1980 upimaji ukahamia siku moja kabla, kwa nia nzuri ya kumpa mtu muda wa kurudisha maji mwilini. Matokeo yake mabondia walijifunza kujikausha zaidi. Februari 2000, New York, Arturo Gatti na Joey Gamache walikubaliana kikomo cha kilo 64 hivi. Usiku wa pambano mizani ya televisheni ilimkuta Gatti na kilo zaidi ya 72. Gamache alilala raundi ya 2, ubongo ukaumia, hakupigana tena. Kwa hiyo "welter" wa 1946 na "welter" wa 2000 ni neno moja lenye miili miwili. Hapa Mayweather anapata alama zake kutoka kwangu bila kusita: hakuwa mtu wa kujikausha sana, na mara nyingi aliyesimama mbele yake, kama Canelo Alvarez Septemba 2013, ndiye aliyekuwa mzito zaidi usiku ule.

Basi tupime nini?

Ninachopendekeza ni kuacha kuwakutanisha watu ambao hawakukutana, na badala yake kupima pengo. Bondia alikuwa juu kiasi gani ya wale aliolazimika kupigana nao, kwa sheria za siku zake, na wale walikuwa akina nani? Wenzetu wa takwimu watalitambua: humlinganishi mwanafunzi wa mtihani wa 1980 na wa 2020 kwa alama ghafi, unaangalia kila mmoja alikaa wapi darasani kwake, halafu unauliza darasa lenyewe lilikuwaje.

Kwa kipimo hicho namweka Robinson juu. Pengo lake na mabondia wengine wa welter wa miaka ya 1940 lilikuwa kubwa kuliko la Mayweather na wa kwake, na alilifungua huku akipigana na watu wa uzito wa juu yake, wengi wao wakali. LaMotta alikutana naye mara 6 akapata ushindi mmoja. Mayweather alikuwa na usiku kama ule wa Aprili 2002 dhidi ya José Luis Castillo, ambao hadi leo watu wanabishana kama kweli alishinda, na pambano lake la 50 lilikuwa dhidi ya Conor McGregor, mtu ambaye hakuwa amewahi kupigana ngumi za kulipwa hata mara moja. Namba 50 ilipaswa kupatikana kwa njia nyingine.

Kipimo hicho kinahitaji ushahidi, na ushahidi haukugawanywa sawa. Harry Greb alipigana takriban mara 300 na ndiye mtu pekee aliyemshinda Gene Tunney, lakini hakuna filamu hata moja ya pambano lake iliyobaki. Filamu za zama zake zilipigwa kwa kamera za kuzungushwa kwa mkono, na zikionyeshwa kwa mashine za baadaye watu wanarukaruka kama vikaragosi. Ukicheka mabondia wa 1910 kwenye simu, sehemu ya unachocheka ni kasi ya mashine.

Kuna kitu kimoja ambacho nakikataa kabisa kukiingiza kwenye hesabu ya kipaji, nacho ni kustahimili kipigo. Wazee wakisema "raundi 15, wanaume hao", wanasifia bei kana kwamba ni bidhaa. Raundi zilipunguzwa kutoka 15 hadi 12 baada ya Duk Koo Kim wa Korea Kusini kuanguka raundi ya 14 dhidi ya Ray Mancini, Novemba 1982, na kufa siku chache baadaye. Jimmy Doyle alikufa baada ya kupigwa na Robinson mwaka 1947. Robinson mwenyewe alimaliza maisha akiwa amepoteza kumbukumbu. Na sisi wa ukanda huu tunaye Robert Wangila wa Kenya, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988 kwa KO kwenye fainali, akafa Julai 1994 baada ya pambano la kulipwa huko Las Vegas. Mayweather alistaafu akiwa na akili zake timamu kwa sababu alijua kutopigwa kuliko mtu yeyote wa zama zake. Huo ni ufundi kamili, na anayeuita uoga hajui anachokitazama.

Kipimo cha pengo kinafaa pia hapa nyumbani, ambako ubishi mara nyingi unaanza na kuishia kwa Hassan Mwakinyo. Septemba 2018 alikwenda Birmingham na kumsimamisha Sam Eggington raundi ya 2, na kila mtu ameiona video. Miaka 48 kabla yake, Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh akarudi na fedha. Mwaka 1998 Michael Yombayomba alichukua dhahabu ya bantam katika michezo hiyohiyo, Kuala Lumpur. Simba alipigana bila kofia ya kinga, majaji wakiandika kwenye karatasi. Yombayomba alivaa kofia, na majaji walibonyeza vitufe. Mwakinyo ni wa ngumi za kulipwa, glavu ndogo na kifua wazi. Rekodi za ngumi za kulipwa kwenye mtandao, ambazo vijana wengi wanazitumia kama msahafu, hazina nafasi ya medali za ridhaa, kwa hiyo kwa anayesoma huko tu, Simba na Yombayomba ni kama hawajawahi kuwepo.

Hebu mpime Simba kwa pengo. Aliyemshinda kwenye ile fainali ya 1970 alikuwa kijana wa Liverpool aitwaye John Conteh. Oktoba 1974, mwezi uleule wa Kinshasa, Conteh alitwaa ubingwa wa dunia wa WBC, uzito wa juu mwepesi.